Mikono Yote Kwenye Mkate

Mtu wa kofia ya kijivu alikuwa bado nyuma yake.

Neža Hribar hakugeuka. Alisimama mbele ya duka la viatu kwenye barabara ya Knez Mihailova, akajifanya anachagua buti. Kwenye kioo akamwona vizuri. Mabega mapana, mikono mfukoni. Hatazami viatu wala wapita njia. Anamtazama yeye tu.

Walikuwa pamoja tangu ngome ya Kalemegdan. Neža alipanda ngazi, naye akapanda. Alizunguka kanisa, naye akazunguka. Belgrade ina vichochoro vya kumpoteza hata mbwa wa polisi, na Neža alivijua vyote tangu enzi za chuo. Lakini leo hakutaka kumpoteza jamaa. Alitaka kujua anapelekwa wapi.

Jibu alilipata upesi. Akikata kushoto, jamaa anasogea. Akielekea Dorćol, mtaa wa rafiki zake, jamaa analegeza mwendo.

Alikuwa anaswagwa kama mbuzi.

Simu ikatetemeka.

"Mwashi hapa," ikasema sauti ya bosi wake wa ujasusi kutoka Ljubljana. "Uko wapi?"

"Natembeatembea. Naenda kuwasalimia marafiki."

"Huyo rafiki yako Vukašin ametuambia kuna tishari bandarini limebeba makombora ya magendo. Kabla hajataja jina la tishari, simu imekatika. Tangu jana hapatikani."

"Mkewe Desanka kanipigia asubuhi. Kanialika chakula cha mchana."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Bosi, leo ni Mtakatifu Nikola. Ni slava yao."

Mwashi akatukana kidogo. Alielewa. Siku ya slava, siku ya mtakatifu wa ukoo, mtu haalikwi. Mlango uko wazi, anayekupenda anakuja mwenyewe. Miaka yote ya urafiki wao Desanka hakuwahi kumwalika Neža kwenye slava, na angemwalika ingekuwa tusi. Asubuhi ile sauti ilikuwa ya Desanka. Maneno yalikuwa ya mtu aliyeshika bastola.

"Usiingie," Mwashi akasema. "Wenzako wanafika jioni."

"Na polisi wa hapa?"

"King'ora kikilia tu, wanampiga risasi Vukašin kwanza. Subiri. Hiyo ni amri."

"Jioni tishari litakuwa limevuka mpaka. Likishavuka hawatamhitaji tena, watamuua."

"Neža!"

Akakata simu.

Ghorofa ya tatu, nyumbani kwa Vukašin. Jengo la zamani, lifti mbovu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, akausukuma akaingia. Kofia ya kijivu akaingia nyuma yake, akafunga kwa ufunguo, akamchomolea bastola yake ya Glock kiunoni taratibu, kama mama anayemvua mtoto sweta.

"Karibu," akasema mtu aliyekaa kwenye kochi, kwa Kiingereza. "Mimi Wouter. Huyo Gaston. Tulikuwa tunakungoja wewe tu, mkae hapa wote mnaojua mpaka tishari livuke."

Alikuwa Mholanzi mrefu, tai ya hariri, kidude cheusi sikioni. Mbele yake meza imeandaliwa: samaki wa kuoka, maharage, ngano ya kuchemsha yenye sukari, mkate mkubwa uliorembwa, mshumaa unawaka. Vukašin, mwendesha kreni wa bandarini, alikuwa kwenye kiti pembeni. Shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Desanka yuko wapi?"

"Chumbani. Gaston atakaa naye, mimi nitakaa nanyi." Wouter akagusa kile kidude. "Hiki kinanitafsiria lugha zenu zote, hata mkitukana. Neno moja nisilolipenda, nabonyeza redio, na yule mama anakufa. Tumeelewana?"

Gaston akaingia chumbani. Mlango ulipofungwa, Neža alisikia rafiki yake akilia kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekatazwa kulia. Kwenye kazi hii alishaogopa mara nyingi, lakini siku zote aliogopa kwa ajili yake mwenyewe. Leo ilikuwa mbaya zaidi.

Hana silaha. Mlango una kufuli. Dirisha liko juu mno. Amenaswa.

Kengele ya mlango ikalia.

Wouter akashtuka. "Nani huyo?"

"Wageni," Vukašin akasema.

"Uliwaalika?"

"Leo haalikwi mtu. Wanakuja tu."

"Wangapi?"

Vukašin akafikiri, tena kwa uaminifu kabisa. "Mwaka jana ilikuja nusu ya bandari."

Lo! Ungemwona Mholanzi alivyobadilika rangi. Kapanga njia, kapanga redio, kapanga mpaka kidude cha sikioni. Kalenda ya watakatifu hakuiangalia!

"Wafukuze."

"Nikimfukuza mgeni leo, mtaa mzima utapanda kuja kuuliza nani kafa."

Kengele tena. Sasa na teke la kirafiki mlangoni.

Wouter akaiingiza bastola ndani ya koti, mkono wa kulia ukiwa juu yake. "Mimi ni rafiki yako kutoka Rotterdam. Mkeo anaumwa. Wale haraka, waondoke. Na ukae hapo hapo kitini. Ukiinua tu makalio, nabonyeza." Akamshika Neža mkono kama mchumba, wakaenda kufungua pamoja.

Aliingia Radiša, nahodha mstaafu wa mto Danubi, tumbo mbele, chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, kwapani. Ndiye aliyesimamia ndoa ya Vukašin na Desanka. Nyuma yake mkewe, Mama Ružica, na sufuria ya supu. Nyuma yao majirani. Nyuma ya majirani, vijana wa kreni.

"Heri ya slava, mwenye nyumba!" Radiša akanguruma.

Halafu akamwona mwenye nyumba.

Vukašin alikuwa amekaa.

Siku ya slava mwenye nyumba hakai. Anasimama tangu asubuhi, anamimina, anapakua, miguu ivimbe isivimbe. Mwaka aliovunjika mguu Vukašin alihudumia kwa magongo, na Radiša alikuwepo. Leo kakaa kitini mbele ya wakubwa zake, na hainuki!

"Heri, kaka. Karibuni. Desanka anaumwa, kalala. Huyu ni rafiki yangu wa Rotterdam."

Kidude kikatafsiri kila neno. Hapakuwa na neno baya hata moja.

Radiša akakitazama kiti. Akalitazama shavu. Akautazama mkono wa Mholanzi uliopotelea ndani ya koti. Kisha akaangua kicheko.

"Rotterdam hajaonja ngano! Aibu gani hii! Ružica, mpe mgeni!"

Wouter akalishwa ngano. Akalishwa samaki.

"Kula, mwanangu," Mama Ružica akamsihi. "Umekonda hivyo, huko kwenu hampikiwi?"

"Na anakula kwa kushoto!" kijana wa kreni akadakia. "Wa kulia umeuweka rehani?"

Watu wakacheka. Wouter akatabasamu, jasho linamtiririka. Aliyekuja hakuondoka, na wengine wakazidi kuja. Chumba kikajaa mpaka Neža akabanwa kwenye bega la Mholanzi.

Radiša akapiga kofi mezani.

"Mkate haujamegwa bado! Wote simameni! Mwenye nyumba mguu unamsumbua, mwacheni, namshikia nafasi. Kila mgeni ashike mkate, tuuzungushe, tuimbe. Na wewe, Rotterdam. Mikono miwili."

"Mimi si wa dini yenu," Wouter akasema.

Neža akatafsiri.

"Nani kakuuliza dini? Umekuja nyumbani kwa watu kwa heri au kwa shari?"

Macho yote yakamgeukia. Mtu huyu akibonyeza sasa, Desanka amekwisha.

Wouter akatoa mkono wa kushoto, akaushika mkate.

"Miwili, baba," Mama Ružica akasema kwa upole. Akamvuta mwenyewe ule wa kulia.

Mkate ukaanza kuzunguka. Wimbo ukapanda.

Mkono wa Neža ukaingia ndani ya koti la Mholanzi.

Ukatoka na bastola na redio.

Radiša akamkumbatia Wouter kwa nyuma, kiganja kizima mdomoni. "Msiache kuimba!" akanguruma katikati ya wimbo. Hawakuacha. Waliimba huku wamemkalia.

Redio ikakwaruza. "Wouter? Kelele gani hizo?"

Vukašin akainuka. Akamshika Mholanzi tai, akamsogezea redio mdomoni, kisu cha mkate mkono wa pili. "Mke wangu yumo mle," akasema kwa Kiingereza kibovu. "Jibu vizuri."

Radiša akaondoa kiganja.

Wouter akajibu. "Wanaimba tu. Kuna bibi analeta supu. Fungua, wasije wakashuku."

Mama Ružica alishafika mlangoni, bakuli linafuka moshi. Neža alijibana ukutani.

"Desanka, mwanangu, supu."

Ufunguo ukazunguka. Gaston akachungulia. Mama Ružica hakungoja shukrani. Supu yote ilimwagikia mkono wenye bastola!

Gaston akapiga yowe. Neža akaubamiza mlango kwa bega, bastola ikaanguka, akamshushia kitako cha ile ya Wouter kisogoni. Jamaa akalala.

Desanka alikuwa kitandani, amefungwa kwa kamba ya pazia. Mzima. Hana hata mkwaruzo.

Neža akapiga simu.

"Mwashi hapa."

"Tishari linaitwa Orhideja. Vukašin anasema shehena imeandikwa mahindi."

Vidole vikasikika vikigonga kompyuta. "Bado liko upande wa huku. Boti za doria zinaondoka sasa hivi." Vidole vikaacha kugonga. "Nilikwambia usiingie."

"Ndiyo, bosi."

"Kuna aliyeumia?"

"Mholanzi. Kavimbiwa."

Kabla giza halijaingia, Orhideja lilikuwa limefungwa kamba, na makombora yote yamo. Polisi wakaja kuwachukua wale wawili, wageni wakawapisha njia. Mama Ružica akamtilia Gaston kipande cha samaki mfukoni. Mfungwa naye ana tumbo, akasema.

Neža akavaa koti. Desanka akamkimbilia mpaka kwenye ngazi.

"Ni mimi niliyekupigia. Nimekuita uje ufe, Neža. Kwa sauti yangu hii."

"Najua."

"Na ulijua tangu asubuhi! Nakufahamu, ulijua kabisa!" Machozi yalikuwa yanamwagika sasa. "Kwa nini uliingia, mjinga wewe?"

"Wewe ulikuwa ndani."

Desanka akampiga ngumi ya bega, kisha akamkumbatia kwa nguvu, hakutaka kumwachia. Neža akajitoa taratibu, akapandisha zipu ya koti, akaanza kushuka. Kwenye kona ya ngazi akawapisha wazee wawili waliokuwa wanapanda na maua, wanahema.

"Fanyeni haraka," akawaambia. "Samaki bado yupo."