Nasrine Hapokei Simu

Soko la Gisenyi lilikuwa limefurika watu pale mama mmoja muuza nyanya alipoanguka chini kama gunia. Watu wakapiga mayowe. Msichana mwenye gauni la njano na kilemba cheupe akawapenya, akapiga magoti katikati ya nyanya, kisha akamnyooshea kidole Kadiri, dereva wa teksi aliyekuja kununua vitunguu.

"We! Shika miguu yake, inua juu!"

"Mi naogopa wagonjwa, dada."

"Utaogopa kesho. Leo inua!"

Akainua. Yule mama akafumbua macho, na Kadiri akawa ameshanaswa na msichana yule.

Msichana huyo, Nasrine, alikuwa anamalizia udaktari. Serikali ndiyo iliyomsomesha, kwa makubaliano kwamba akihitimu atatumikia mahali penye uhaba wa madaktari. Mwaka mzima walipendana, wakitembea kando ya ziwa, yeye akiitwa "docteur wangu", Kadiri akiitwa "chéri", yaani mpenzi. Kisha Nasrine akapangiwa hospitali ndogo ya milimani, ambako mara nyingi angekuwa daktari peke yake.

Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Halafu akaacha hata kupokea. Siku moja simu ya Kadiri ikapokelewa na mwanamume: "Docteur hataki kuongea." Ikakatika. Amepata mwingine! Asubuhi Kadiri akapanda mlima kwa teksi yake ndani ya ukungu.

Alimkuta nyuma ya wodi ya wazazi, koti jeupe mapajani, mkoba tayari miguuni.

"Yule mwanamume ni nani?"

"Muuguzi. Mi nilimuomba aseme vile." Nasrine hakuinua uso. "Kadiri, mama mumoja alinifia mukononi, akiniita jina. Tangu pale mikono inatetemeka. Mujomba iko na kliniki Kampala. Unipeleke, chéri. Leo."

Kadiri alitaka kusema twende. Ndilo aliloliomba miezi yote. Kabla hajafungua kinywa, wanaume wakatokea mbio na machela, mama mjamzito juu yake akilia kwa sauti iliyokwaruza.

Nasrine akatazama gari. Akatazama machela.

"Nikiingia, na huyu naye akafa?"

"Sijui." Kadiri akatia ufunguo wa gari mfukoni. "Mi nabaki hapa mulangoni. Siendi popote."

Nasrine akavaa koti, vifungo vikikosana na matundu, akaingia.

Kadiri alikaa sakafuni. Alisikia vyuma vikigongana, sauti ya Nasrine ikiagiza, kisha kimya. Kimya kile kilimtisha kuliko kelele. Akaanza kusoma dua za utotoni, akizichanganya.

Mtoto akalia.

Nasrine alipotoka, Kadiri akamshika mkono. "Wote wazima," akanong'ona. "Lakini kesho iko mwingine. Mi naogopa mupaka kichefuchefu."

"Bon, basi. Nikuoe, nikuje kuishi huku? Tuogope wawili."

"Huku? Hakuna abiria, hakuna soko, iko baridi tu..."

"Nimekuuliza kitu, Nasrine."

Kabla hajajibu, muuguzi akaita kutoka ndani, sauti imepanda: mama anatoka damu! Nasrine akageukia mlango. Akauachia mkono wa Kadiri.

"Ndiyo," alisema, tayari anakimbia. "Kadiri, ndiyo!"