Kisanduku cha Tatu

Ofisi ya kumbukumbu iliyo ukingoni mwa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ilifurika watu asubuhi ile hata viti havikutosha. Soud alisimama mbele ya dirisha nambari nne, kanzu imejikunja kwa safari ndefu ya basi kutoka Riyadh, simu sikioni. Alifuata faili la bibi yake, Bi Mashavu, aliyeingia nchi hii mwaka 1964 kutoka Unguja akiwa msichana mdogo.

"Bibi, nshasimama saa nzima," alilalamika kwa Kiswahili, akijua fika hapana wa kumwelewa. "Kuna bibiye hapa dirishani, mzuri wa sura, lakini kaikunja utadhani kalazimishwa kuja kazini. Wala hana haraka!"

Bibiye mwenyewe, abaya yake ya rangi ya kahawa ikinukia udi, hakuinua macho. Aligonga muhuri, akafunga faili, ndipo akasema kwa Kiunguja kilichonyooka:

"Mwambie Bibi faili lake limepatikana."

Soud alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Dada, n'samehe. Wallahi sikujua."

"La kukunja uso nimekusamehe. La uzuri sikuona kosa."

Jina lake Muna, na mama yake naye asili yake Unguja. Baada ya alasiri walikunywa chai ya maziwa katika mkahawa wa Balad, na Soud aliporudi Riyadh, moyo wake haukupanda basi. Tangu hapo hapakupita siku bila simu.

"Nikwambie kitu, habibi, na usikasirike?" Muna aliuliza jioni moja.

"Sema, roho yangu."

"Miaka sita ghalani Al-Sulay unahesabu makatoni. Kichwa chako chaweza zaidi."

"Chuo kikuu walizikataa alama zangu, Muna."

"Na zangu pia! Nikenda chuo cha jamii. Miaka miwili, nikatoka na diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, nikafanya mtihani wa ajira serikalini. Leo niko dirisha nambari nne natukanwa na wanaume wa Riyadh."

Soud alicheka, lakini maneno yalimkaa. Muhula uliofuata alijiandikisha masomo ya jioni katika chuo cha jamii mjini kwao. Asubuhi alivaa ovaroli ya ghala, jioni akavaa kanzu safi akaenda kujifunza namna ya kupanga majalada. Muna alimsikiliza masomo kwa simu, akikosea anamcheka, akipatia anamwita "mheshimiwa". Miaka miwili ikaenda hivyo. Posa Soud hakuitaja hata siku moja, maana alishajiapia kuwa hatabisha mlango wa mama yake Muna mpaka awe na barua ya kazi mkononi.

Alipofaulu mtihani akaitwa kwenye usaili Jeddah, tena katika ofisi ile ile ya Muna, hakumwambia. Alitaka kumshtua, na kweli alimshtua. Muna alitoka ukumbini na orodha ya waombaji, akafika kwenye jina la Soud, akalisoma mara mbili. Soud alitabasamu, kilemba kimemkaa sawasawa.

"Subiri zamu yako, ndugu," Muna alisema kwa Kiarabu. Akampa mwenzake orodha, akaondoka bila kugeuka.

Ndugu! Soud alijibu maswali ya usaili kwa ulimi tu, kisha akaifunga namba ya Muna kwenye simu yake kabla hata ya kupanda basi la Riyadh. Mwanamume mzima akanuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

"Kanionea haya, Bibi," alimwambia Bi Mashavu. "Mtu wa makatoni mbele ya wakubwa zake."

"Kakwambia yeye?"

"Hakuhitaji kusema."

"Basi umejijibu mwenyewe," Bi Mashavu alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Wiki ya tatu barua ikaja: amepata kazi, afike Jeddah kusaini kukubali au kukataa. Soud alipanda basi akiwa ameshaandika ya kukataa. Atakaaje ofisi moja na mwanamke anayemkana?

Karani wa ajira, mtu mzima aitwaye Mazin, alimsukumia faili. "Hata kukataa kuna utaratibu, mwanangu. Saini kila karatasi kwamba umeiona."

Soud alisaini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikamshika mkono. Ilikuwa na tarehe ya siku ya usaili. *Naomba kuondolewa katika kamati inayomsaili mwombaji huyu. Aina ya uhusiano:* na chini yake visanduku vitatu. Ndugu wa damu. Mume au mke. Mchumba. Kisanduku cha tatu kilitiwa alama, na pembeni ilikuwa saini ya Muna.

"Ndiyo sheria," Mazin alieleza. "Na hakuruhusiwa kuzungumza nawe hapa mpaka kamati imalize."

Soud alikuwa ameshafika dirisha nambari nne.

"Umechukua tiketi?" Muna aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeniandika mchumba. Mie sijaposa."

"Fomu haina kisanduku cha mtu anayenipigia simu miaka miwili!" Sauti ikamshuka. "Nilikupigia jioni ile ile, Soud. Na kesho yake, na kesho kutwa. Ukanifungia."

"Nilidhani umenionea haya."

"Nikuonee haya, na huku nimekutia kwenye karatasi ya serikali? Nikampigia mama pale pale nimwambie nina mchumba, maana sisaini uongo. Wiki ya tatu hii katundika mapazia mapya, anangoja wageni."

Soud aliichana barua ya kukataa vipande vinne. Alijiona mjinga, lakini mjinga mwenye furaha.

"Nimekukosea, mpenzi. Nisamehe." Akatoa simu. "Bibi, yule bibiye wa dirishani..."

"Aliyekunja uso?"

"Huyo huyo. Nataka ukaniposee."

"Alhamisi tunakwenda. Na safari hii kanzu ipigwe pasi!"

Sauti ya Bi Mashavu ilipenya hadi upande wa pili wa kioo. Muna alifuta machozi kwa ncha ya shela, akamsukumia kalamu.

"Nenda kasaini kwanza, mheshimiwa," alisema. "Foleni ni ndefu."