Mkia wa Pamba

Jumamosi duka la vipodozi la pale sokoni halina mwenyewe. Watu wanasukumana kama wanagawiwa bure, wauzaji wanajibu wateja watatu kwa mdomo mmoja, na feni ya darini kazi yake ni kulizungusha joto lilelile. Humo ndimo alimoingia Msusi, gauni jekundu, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa maringo, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya mwisho. Alitaka shampuu ya zambarau, ile inayoua umanjano kwenye nywele nyeupe, maana ana wateja wenye mvi wasiokubali utani na mvi zao. Ilikuwa imebaki chupa moja. Alipoishika, akakuta imeshikwa.

Mwenye mkono wa pili alikuwa kijana mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi, miguuni buti za mpira, na kwenye kola bua la nyasi kavu ambalo bila shaka hakujua analo.

"Samahani kaka, mimi ndiye niliyeiona kwanza."

"Wewe uliiona, dada. Mimi nimeishika."

"Na unaioshea nini? Kichwa chenyewe umenyoa!"

"Si yangu. Ni ya farasi. Ni mweupe, ila mkia umekuwa na rangi ya chai. Analalia uchafu wake, na akilala huchagua pale palipolowa zaidi."

Msusi alicheka mpaka mwenye duka akageuka. Hakuwahi kusikia mwanamume akimlalamikia mnyama kwa mapenzi namna ile. Wakakubaliana kugawana. Saluni yake ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Wakamimina nusu kwenye kopo, na yule kijana akaomba namba ya simu, eti iwapo shampuu itaisha.

Jioni ileile simu ikaita.

"Shampuu imeisha," alisema.

"Muongo! Nusu chupa nzima?"

"Basi haijaisha. Nimemaliza sababu za kutokupigia."

Wenzake kazini walimwita Kwato, kwa kuwa ukimtafuta utamkuta ameinama chini ya farasi ameshika mguu. Alikuwa mtunza farasi kwenye klabu ya wapanda farasi, pembezoni mwa mji. Yeye naye akamwita Msusi Vidole, na jina likakaa. Penzi lao likakolea kwa simu za mchana na matembezi ya Jumapili. Msusi akazoea harufu ya banda: majani makavu, ngozi ya matandiko, jasho la farasi. Akamzoea na Pamba mwenyewe, jike mpole mwenye macho ya kukuomba radhi hata kabla hajakosa. Kwato alimlea tangu alipozaliwa miguu ikimtetemeka.

Jambo moja tu Msusi hakulivumilia. Kwato alijua kila kitu cha farasi isipokuwa kusuka. Singa za shingo ya Pamba akizisuka yeye zilitoka kama kamba ya kufungia kuni.

"Hii nini, mpenzi?"

"Msuko."

"Huu ni msiba. Sogea."

Akaufumua palepale akausuka upya. Ndivyo alivyo. Hata kwenye foleni ya benki, akiona msuko uliokwenda upande kwenye kichwa cha mtu asiyemjua, vidole vinamwasha. Hajawahi kuuacha msuko mbovu uliofika mikononi mwake.

Kisha Kwato akaja na habari. Uso uling'aa, maneno yakamtoka yakikanyagana. Kulikuwa na shamba kubwa la farasi, mbali sana, safari ya kulala njiani. Wenyewe wangekuja kwenye maonyesho ya klabu kuchagua farasi mmoja pamoja na mtunzaji wake, waondoke nao siku hiyohiyo. Shamba lile lina daktari wake wa wanyama, na mtunzaji hufundishwa kazi mpaka naye afundishe wengine.

"Nimeota hili tangu nabeba ndoo, Vidole. Pamba ana mwendo. Akiingia uwanjani msafi, hawatatazama mwingine."

"Na mimi?"

Kwato akajifuta mikono kwenye suruali. "Sisi tutazungumza."

Tutazungumza! Kuna neno baya kuliko hilo kwa mtu anayependa? Msusi alingoja mazungumzo hayo wiki nzima. Kwato alizungumzia lijamu, akazungumzia kwato, akazungumzia rangi ya shati atakalovaa. La wao wawili, kimya. Mara moja Msusi alijishusha akasema, "Usiende." Kwato akamshika mkono, akaangalia pembeni.

Siku moja kabla ya maonyesho Pamba alilala pabaya kupita siku zote. Mkia ulikuwa manjano juu, kahawia chini, na nchani umegandamana. Kwato alikuwa amekishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Nisaidie, Vidole wangu. Fundi ngozi ananingoja na hatamu, nisipoifuata leo sina ya kumvisha. Mkia nakuachia wewe. Ni wewe tu ninayemwamini."

"Nenda. Nywele ni kazi yangu."

"Shampuu usiizidishie muda, eh? Tega simu. Ikilia, suuza."

Akaondoka mbio. Msusi akauosha mkia kwa sabuni, akauchambua kwa vidole, akaupaka shampuu ya zambarau toka shina hadi ncha, akatega simu. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama ule mkia. Kesho ungekuwa mweupe. Ukiwa mweupe, wale watu wangemchagua Pamba. Wakimchagua Pamba, wamemchukua Kwato.

Simu ikalia. Akaizima.

Hakupanga lolote, na hilo angeweza kuliapia. Alikaa tu. Alijiambia ngoja kidogo, na kidogo ile akaikalia, povu likikauka, machozi yakimdondoka kwenye aproni. Aliposhtuka, akafungua maji. Mkia haukuwa wa manjano tena. Ulikuwa zambarau, zambarau iliyokolea kama tunda lenyewe, na kadiri alivyousuuza ndivyo ulivyozidi kung'aa.

Kwato alirudi hatamu ikiwa begani, anapiga mluzi. Mluzi ukakatika mlangoni.

"Hii ni nini?"

"Kwato, nisikilize..."

"Hii ni nini, nakuuliza! Wewe unapaka watu rangi kila siku ya Mungu. Hukosei. Mtu akikwambia mteja wako kakaa na dawa kupita kiasi unacheka." Sauti ikamshuka, na ilipomshuka ndipo ilipotisha. "Umefanya makusudi. Ili nisiende."

Msusi alifungua mdomo aseme siyo. Neno halikutoka. Kwato aliona kwamba halikutoka.

"Nenda nyumbani," alisema. "Tafadhali. Nenda kabla sijasema kitu."

Msusi alipiga simu njia nzima. Iliita ikakatwa, ikaita ikakatwa, mwishowe ikazimwa kabisa. Alifika saluni akamkuta shangazi yake, yule aliyemfundisha kushika kitana, akaanguka kwenye kiti cha wateja.

"Shangazi, zambarau iliyozidi inatolewaje?"

"Kichwa cha nani hicho umekiharibu?"

"Si kichwa. Ni mkia."

Shangazi akamtazama kama anayempima homa. Msusi akasimulia yote, na ile simu aliyoizima hakuificha. Shangazi hakumgombeza, na afadhali angemgombeza.

"Rangi hiyo haijaingia ndani, imekaa juu tu," alisema. "Maji ya moto ya kustahimilika. Sabuni ya vyombo na magadi kidogo. Unaosha, unasuuza, unarudia mpaka mikono ikuume, halafu unamalizia na mafuta ili singa zisikatike. Itatoka." Akamshika kidevu. "Ila ukiitoa, mwanangu, anakwenda. Hilo umelifikiria?"

"Nimelifikiria."

"Na bado unaitoa?"

"Naitoa."

"Basi chukua birika langu kubwa."

Alfajiri ilimkuta getini na birika, jiko dogo la gesi na mfuko wa sabuni. Kwato alikuwapo. Alikuwa akiusugua mkia kwa sabuni ya kufulia na maji ya bomba, macho mekundu, vidole vimechubuka. Pamba aligeuza shingo akamnusa Msusi begani. Kwato hakugeuka.

"Maji baridi hayatakusaidia," Msusi alisema. "Nipishe. Nikimaliza nitaondoka, hutaniona tena ukitaka."

Kwato akauachia mkia. Kisha akasogea. Hakuwa na njia nyingine, wote wawili walilijua hilo.

Wakaanza. Yeye anaosha, Kwato anamimina maji. Maji ya kwanza yalitoka zambarau yakatapakaa sakafuni. Ya pili vilevile. Walirudia wakarudia, na mkia bado una kivuli, na huko nje magari ya farasi yameanza kuunguruma. Meneja wa klabu akachungulia mlangoni.

"Pamba anapakiwa saa ngapi? Waamuzi wameshafika uwanjani!"

"Tunakuja, bosi!"

"Mbona mkia una rangi ya sherehe?"

"Tunakuja!"

Mikono ya Msusi ilikuwa inawaka moto kwa magadi. Kila maji yalipopungua rangi alijisikia anammwaga Kwato mferejini kwa mikono yake mwenyewe, na hakupunguza nguvu. Akasema bila kuinua uso:

"Simu ililia jana. Niliisikia. Niliizima nikakaa."

Maji yakaacha kumiminwa.

"Mbona unaniambia sasa?" Kwato aliuliza. "Mkia unatakata. Ungesema ulisahau, ningekuamini. Nilitaka kukuamini."

"Ndiyo maana nakwambia. Nimekupenda vibaya, Kwato. Sitaki uende huko ukimkumbuka mtu ambaye siye mimi. Mimina maji."

Kwato akamimina. Maji yakatoka meupe, kisha yakatoka maji tu. Msusi akaupaka mkia mafuta, akauchana kuanzia nchani akipanda juu taratibu, na ulipokauka kwa upepo wa mlangoni ulishuka mweupe mpaka karibu na ardhi. Singa chache zilizong'oka zilibaki kwenye kitana. Kwato alimfunga hatamu farasi wake, akasita kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akachukua kitana, akatoka.

Hakusema njoo. Msusi alifunga jiko lake, akabeba birika, akarudi saluni akafungua kazi. Wateja wa siku ile walivumilia. Mmoja alisukwa mstari ukaenda upande, akafumuliwa, akasukwa, akafumuliwa tena. Kila mlango ulipogongwa aligeuka, na kila alipogeuka alijilaumu. Mchana ukapinda. Alijua gari la shamba litapita barabara ya soko, hakuna nyingine, na alikuwa ameamua kutochungulia.

Honi ikalia mbele ya saluni. Ikalia tena, wenye mikokoteni wakaanza kutukana. Kwato akaingia, shati la maonyesho limetota jasho, riboni ya ushindi ikichungulia mfukoni.

"Wametuchukua," alisema.

"Hongera." Msusi hakuacha kusuka. "Wahi gari lako, litazuia watu."

"Limeshazuia. Vidole, geuka."

"Nina kichwa cha mtu hapa."

"Geuka tu, mwanangu," alisema mama aliyekuwa anasukwa. "Kichwa changu hakiendi popote."

Msusi akageuka. Mkononi mwa Kwato palikuwa na kijiduara cha singa nyeupe, kimesukwa ovyo, kimevimba upande mmoja, ncha zimetoka nje kama miguu ya mende.

"Nilikisuka kwenye gari tukingoja zamu," alisema. "Wiki nzima umengoja nizungumze. Niliogopa kukuomba uache saluni uliyoijenga kwa mikono yako. Niliona nikikuomba, nakuibia. Nikanyamaza, nikakuumiza. Kwa hiyo na mimi nilikupenda vibaya."

Msusi alikichukua kile kipete, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya weupe palipita singa moja ya zambarau.

"Hii haikutoka?"

"Ilikuwa kwenye kitana. Ningeweza kuiacha." Kwato akasogea hatua moja. "Sitaki mtu mwingine. Namtaka huyuhuyu aliyeizima simu. Nioe... nikuoe, nasema! Nikuoe."

Yule mama kwenye kiti akacheka kwa sauti, naye Msusi akacheka akilia, hajui kimoja kinaanzia wapi.

"Huko kwenu kuna vichwa vya kusuka?"

"Vipo. Niliuliza hilo kabla sijauliza mshahara."

"Nipe muda nimkabidhi Shangazi saluni."

"Nakupa. Ila pokea simu zangu."

"Zangu ndizo zilizokatwa, bwana!"

Honi ikalia mara ya tatu. Kwato akamvisha pete, ikapwaya, akakimbia. Kupitia dirishani Msusi aliona gari likijikokota barabarani, na nyuma, juu ya kibao cha mlango, mkia mweupe ukipepea kidogo mpaka kona ikaumeza. Hapo ndipo alipokaa chini akalia sawasawa.

Yule mama alimwachia amalize, kisha akaishika ile pete kwa ncha ya kidole.

"Mchumba wako hajui kusuka, jamani. Ifumue, uisuke vizuri."

Vidole vya Msusi tayari vilikuwa kwenye ncha ile iliyojitokeza. Akaitazama, akaiachia.

"Hapana," alisema, akachukua kitana. "Hii ikae hivihivi."