Milimita Tisa

Mvua ya Aprili ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na Jumamosi hiyo kila mtu katika soko la mitumba la Nyeri alitaka gambuti za kukanyagia matope. Tryphosa alikuwa ameshaishika ya kushoto. Alipoinama kuchukua ya kulia, akakuta mkono mwingine umeikamata.

"Hii nimeona kwanza," akasema.

"Na mimi nimeshika kwanza." Alikuwa mwanamume mrefu, amevaa jaketi ya buluu yenye girisi mikononi, kofia ya sufu ameivuta hadi kwenye nyusi. "Madam, na huo mguu mdogo unapeleka wapi namba nane?"

"Navaa soksi mbili."

"Ati soksi mbili! Kwani unalima wapi?"

"Silimi. Napima udongo kule kwa reli."

Mwanamume akacheka mpaka muuzaji akageuka. "Na mimi naendesha tingatinga huko huko! Kumbe ni wewe yule daktari wa matope wanaongea?"

Akamwachia gambuti. Aliitwa Kingori, mzaliwa wa Mukurweini. Tryphosa alikuwa ametoka Vihiga, miezi mitatu sasa, na hakuwa na rafiki mjini. Kabla hawajaachana, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Reli yenyewe ilikuwa ya treni ndogo ya abiria, ya kuunganisha mitaa ya Nyeri. Ilipaswa kumalizika mwaka uliopita. Lakini juu ya mto Chania, mahali njia ilipokata mteremko, ardhi ilikataa. Walipochimba, maji yalichuruzika. Walipojenga ukuta, ulipasuka. Tryphosa alikuwa amezamisha mabomba membamba mteremkoni, na kila asubuhi alipima ndani yake kuona kama udongo umesogea.

Tangu siku hiyo simu ililia kila jioni.

"Daktari wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula mukimo wa viazi kwa hoteli ya Wangechi, lakini haina utamu kama hauko."

"Kingori, acha uongo."

"Haki ya Mungu. Hata yeye ameniuliza mbona nimenuna."

Jumapili moja Kingori alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, ananukia sabuni, naye Tryphosa akatoka na gauni la manjano. Walitembea mjini wakila mahindi ya kuchoma, wakichekana. Lakini hata mkono wake ulipokuwa ndani ya mkono wa Kingori, Tryphosa alikuwa anahesabu. Mteremko ulikuwa unasogea, milimita moja kwa wiki, kisha mbili. Na chini yake kabisa ndipo Kingori aliposhinda na tingatinga lake.

Alimpelekea Injinia Mwai, msimamizi wa mradi, ripoti. Mwai alisimamisha kazi wiki mbili, kisha akamwita ofisini.

"Tumechelewa miezi kumi na moja, Tryphosa. Wakubwa wananipigia kila saa. Jumatatu tunarudi."

"Injinia, hapo pataanguka."

"Lini? Unaweza kuniambia siku?"

Hakuweza. Ndipo hofu ikamfanya aombe jambo ambalo hakumwambia Kingori: kwamba yeye Kingori ahamishwe upande wa Ruring'u, kwenye ardhi tambarare. Mwai akakubali.

Ijumaa jioni simu ililia, na sauti haikuwa ile ya kila siku.

"Tryphosa, ni wewe umeambia Mwai nitolewe hapo?"

"Ni mimi."

"Ati sijui kazi?"

"Sijasema hivyo! Niliogopa, Kingori. Hapo ni pabaya."

"Kama ni pabaya mbona hukuniambia mimi? Wanaume wananicheka huku, ati nimehamishwa na msichana. Na Dedan anayechimba mtaro hapo je? Dedan ana watoto watatu. Mbona yeye amebaki?"

Tryphosa hakuwa amemfikiria Dedan hata mara moja, na aibu ikampanda usoni.

"Nimekataa kuhama," Kingori akasema. "Na usinipigie."

Jumatatu saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, Tryphosa alipima bomba la tatu. Milimita tisa tangu jana. Alidhani amekosea, akapima tena kwa mikono iliyokufa ganzi. Tisa. Akampigia Mwai, alikuwa mkutanoni Nanyuki, hakushika. Akampigia Kingori. Simu ililia hadi ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ilikatwa.

Akateremka mbio, akiteleza, akiinuka. Kingori alimwona, akageuza macho, akaendelea kuchota udongo. Tryphosa akaenda kusimama mbele ya tingatinga. Injini ikazimwa.

"Unataka kufa?" Kingori alifoka kutoka juu.

"Sikiliza!"

Kelele ya injini ilipokwisha walivisikia: vijiwe vidogo vikishuka kimoja kimoja, na nyuma yake kitu kama kitambaa kinachochanwa polepole. Maji ya mtaro yalikuwa yamegeuka mekundu, mazito. Uso wa Kingori ukabadilika.

"Dedan na Peterson wako huko kwa mtaro," akasema, akiruka chini.

"Twende wote."

"Wewe panda! Tryphosa, panda!"

Alipanda kwa sababu miguu ilimpandisha. Alipogeuka, mteremko ulikuwa unashuka mzima mzima, miti yake ya migrevilea ikiwa bado imesimama wima, ukalifunika tingatinga, ukaufunika mtaro, ukaingia mtoni. Kisha kimya. Mvua tu.

Akapiga simu. Mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Alipiga mara kumi na moja, akisikiliza sauti ile ile ya upole, huku wafanyakazi wakipiga mayowe na kukimbia na majembe. Kisha simu ikalia mkononi mwake, namba asiyoijua.

"Daktari."

"Kingori! Uko wapi?"

"Chini huku, karibu na mto, tulitoka mtaroni tukakimbilia kando. Simu yangu imezikwa na tingatinga, hii ni ya Dedan. Amevunjika mguu. Peterson ni mzima. Tuko sote."

Tryphosa akakaa matopeni. "Nilikosa. Ningewaambia wote."

"Na mimi ningeshika simu."

Hospitalini, saa kumi jioni, Kingori hakuweza kushika kikombe cha chai. Mikono ilitetemeka, chai ikamwagika kwenye blanketi. Tryphosa akamshikia.

"Nikuoe?" akauliza Kingori. "Nikuje Vihiga nione wazazi?"

"Kunywa kwanza. Niulize mikono ikitulia."

Haikutulia wiki hiyo, wala iliyofuata. Reli ilisimamishwa, na Kingori alishtuka kila lori lilipopita. Jumapili ya tatu, nje ya kanisa, alimuuliza tena huku mikono ikitetemeka vile vile, na Tryphosa, aliyekuwa bado anaamka akiota sauti ile ya kuchanika, akaishika yote miwili akakubali.