Umutesi na Shamba la Kwenye Kompyuta

Kila Jumatano baada ya uji, wanafunzi wa Darasa la Tano katika shule moja ya Nyaishozi walikimbilia chumba cha kompyuta. Humo walicheza mchezo wa kugawa shamba la migomba, na kwa kucheza wakajifunza sehemu: nusu, robo na theluthi.

Umutesi aliwaacha wenzake mbali. Wao walipokuna vichwa, yeye alibofya jibu lolote. Likikataliwa, alibofya jingine, mpaka hatua inayofuata ifunguke.

"Mbona hukokotoi?" aliuliza Hirwa, aliyeketi naye dawati moja.

"Ya nini? Mimi niko hatua ya kumi, wewe bado uko ya nne!" Umutesi alijibu akicheka.

Siku moja wazazi waliitwa shuleni kuamua kama vipindi hivyo viendelee. Mwalimu Adelgunda alimchagua Umutesi awaonyeshe mchezo.

"Watoto tumewaleta kusoma, si kucheza," alinung'unika Mzee Kahigi, mmoja wa wazazi waliofika.

"Shikamooni," Umutesi aliwaamkia, akaketi. Kwenye kioo cha kompyuta lilitokea swali: nusu jumlisha robo. Alibahatisha mara mbili, akakosa. Mara ya tatu kengele ya mchezo ililia. Robo tatu!

"Haya, mjukuu wangu," alisema Mzee Kahigi, "nieleze. Nusu na robo zimekuwaje robo tatu?"

Umutesi alimtazama Mwalimu, akawatazama wazazi, kisha akavuta pumzi.

"Babu, sijui. Nilikuwa nabahatisha tu. Lakini naomba nianze upya, hapa hapa mbele yenu."

Akarudi hatua ya kwanza. Aligawa shamba nusu kwa nusu, kisha kila nusu akaikata mara mbili. Safari hii hakuwa na haraka. Alihesabu vipande kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Mara akaruka kutoka kitini.

"Kumbe nusu moja ni robo mbili! Ukiongeza robo nyingine, zinakuwa tatu!"

Mzee Kahigi akatabasamu. "Sasa nimeelewa hata mimi. Mtoto amejifunza nikimwona kwa macho yangu. Vipindi viendelee!"

Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu Adelgunda akamshika Umutesi bega.

"Ulipokuwa unakimbilia hatua ya kumi, mchezo haukukufundisha kitu," alimwambia. "Leo umesema kweli, ukatuliza akili, ukaelewa. Kompyuta itakuuliza maswali mengi, mwanangu, lakini haitafikiri kwa niaba yako. Kazi hiyo ni yako, na leo umeiweza."