Bado Kimoja

Sogeeni karibu. Sogeeni zaidi, maana leo kuna ukungu.

Huyu ni Tusekile. Ana miaka sita. Anakaa mlimani, huko Rungwe.

Leo mama anampa kikapu, anamtuma dukani. Peke yake! Ni mara ya kwanza.

"Lete maharage, ndizi na maziwa," anasema mama. "Usisahau maziwa. Lusajo asipopata maziwa, humu ndani hakuna atakayelala."

Lusajo ni mdogo wake. Bado mchanga, lakini kulia anajua.

Duka lenyewe ni la ushirika. Ni la kijiji kizima. Maharage wamelima wao. Maziwa wamekamua wao. Na kila siku mmoja wao anashika zamu.

Humo unajihudumia mwenyewe. Kisha unahesabu vitu vyako kwa sauti, wewe na mwenye zamu. Ndipo unatoka.

Chagua, pima, hesabu!

Tusekile analipenda duka hili. Anapenda harufu ya ndizi mbivu. Anapenda kuzamisha mkono kwenye gunia la maharage, mpaka kwenye kiwiko. Baridi! Raha!

Lakini leo dukani kuko kimya. Mwenye zamu haonekani.

"Hodi?"

Kimya.

Tusekile anachota maharage. Kwara, kwara, kwara. Anapima. Mzani unalia, kiii… tang! Anachukua na ndizi.

Mara, nyuma ya magunia, kitu kinainuka.

Kirefu. Cheusi. Kimejifunika blanketi mpaka machoni.

"Hhhhh," kinasema.

Hesabu? Hesabu gani tena! Tusekile anatimua mbio.

Nje ukungu umemeza njia. Hata miguu yake mwenyewe haioni.

Chwapu, chwapu, chwapu.

Kuna kitu kinakuja nyuma yake. Anasimama. Nacho kinasimama. Anatembea.

Chwapu, chwapu, chwapu.

"Bado kimoja…" sauti inanong'ona.

Jamani! Kimoja kipi?

Tusekile anajibanza kwenye migomba.

"Bado kimoja…"

Anachungulia kikapuni. Maharage yapo. Ndizi zipo. Maziwa?

Maziwa kayasahau!

Anamkumbuka Lusajo. Machozi yanamlenga. Duka liko kule nyuma, na kile kitu kiko katikati ya njia.

Tusekile anaogopa. Anaogopa sana. Lakini anatoka kwenye migomba.

"Mimi narudi kuchukua maziwa ya mdogo wangu!" anasema. "Wewe ni nani?"

Chwapu. Kisha ile sauti inanong'ona:

"Kitu kimoja…"

Tusekile anatega sikio.

"Vitu viwili…"

Aa! Hiyo si hesabu ya dukani? Zimwi limeijulia wapi?

"Vitu vitatu!" anaitikia Tusekile.

Blanketi linashuka. Kumbe ni Mama Ambakisye, jirani yao! Amevaa mabuti makubwa ya mvua. Mkononi ana chupa ya maziwa.

"Shikamoo, mama," anasema Tusekile, akihema.

"Marahaba, mwanangu," ananong'ona Mama Ambakisye. "Leo zamu ni yangu. Lakini mafua yamenikausha sauti, nikajiegesha kidogo nyuma ya magunia. Mbona umekimbia bila kuhesabu? Na maziwa ya Lusajo ya kila siku umeyaacha!"

"Nilidhani wewe ni zimwi."

Mama Ambakisye anacheka, lakini sauti haitoki. "Hhh, hhh, hhh!" Tusekile naye anacheka mpaka anakaa chini.

Wanashikana mikono mpaka nyumbani. Chwapu, chwapu, chwapu.

Jioni Lusajo anakunywa maziwa. Gugu, gugu, gugu. Tumbo limejaa. Macho yanajifumba.

Nje ukungu unagusa dirisha. Mabuti ya Mama Ambakisye yanakwenda zake. Chwapu… chwapu… chwapu…

Mama anapunguza taa.

"Kuku wamelala," ananong'ona. "Lusajo amelala. Bado mmoja…"

Tusekile anavuta blanketi mpaka machoni.

"Hhhhh," anasema.

Na hapo hapo, analala.