Pini kwenye Unyayo wa Baba

Kila siku baada ya masomo, Kasuku alipitia kibandani kwa baba yake, fundi cherehani. Jina hilo alipewa na shangazi zake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kazi yake ilikuwa kupachika vifungo kwenye sare, huku akimsimulia baba yote yaliyotokea darasani, na mengine ambayo hayakutokea.

Muhula huo baba alikuwa na sare arobaini za kumaliza. Alikuwa pia na maumivu ya kiuno, na kila alipoinuka kitini alitembea amejipinda. Wateja hawakukosa ushauri. Mmoja alisema ni kiti, mwingine akasema ni godoro. Muuza duka wa jirani, ambaye hajawahi kuumwa kiuno tangu azaliwe, alimshauri aruke kamba. Baba alicheka mpaka akaumia zaidi. Zahanati alikwenda mara moja tu, akasema mwenyewe ni uchovu, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu.

Alasiri moja baba alivua viatu ili akanyage vizuri pedali ya cherehani. Aliponyanyua mguu wa kulia, Kasuku aliona pini imezama kwenye unyayo, kichwa chake cheupe kikionekana kama kifungo. Baba hakuwa na habari. Alipoonyeshwa aliichomoa, kisha akakiri kwamba mguu huo ulikuwa na ganzi tangu mwezi uliopita.

"Usimwambie mama yako," alisema kwa sauti ya chini. "Atanifungia kibanda, na watoto wa watu wanangoja sare."

Kasuku aliahidi. Jioni hiyo alikaa kimya mezani hata mama akamwuliza kama anaumwa jino. Siku ya tatu kiuno kilimbana baba akashindwa kabisa kuinuka kitini, na mama akampeleka hospitali. Kasuku alikwenda nao.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimwuliza baba kama kuna kingine zaidi ya kiuno. Baba akajibu hakuna. Kasuku akamgeukia daktari.

"Mguu wake una ganzi," alisema. "Alikanyaga pini, hakusikia. Nisamehe, baba, najua niliahidi."

Daktari alimlaza baba kitandani, akamwambia afumbe macho, akamgusa vidole vya mguu kimoja kimoja. Viwili baba hakuvisikia. Alipelekwa kupigwa picha ndani ya mashine kubwa yenye kelele, na jibu likapatikana: kando ya uti wa mgongo, chini kiunoni, palikuwa na kifuko kidogo kilichojaa majimaji, kama punje ya mahindi, kikiubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Haikuwa saratani. Daktari alieleza kwamba maumivu mengi ya kiuno hutokana na misuli na viungo vilivyochoka. Kifuko kama hicho ni nadra. Lakini kwa kuwa mguu ulikuwa umeanza kufa ganzi, haikufaa kungoja.

Baba alipasuliwa, kifuko kikatolewa. Fundi mwenzake alimalizia sare. Wiki kadhaa baadaye baba alirudi kibandani, akanyoosha mguu na kumwambia Kasuku amtekenye unyayo. Kelele aliyopiga baba iliwafanya wapita njia wasimame.

"Nilikosea kukufunga mdomo," baba alimwambia walipomaliza kucheka. "Daktari huanzia kwenye yale tunayomwambia. Mimi nilimpa nusu ya habari, nikapata nusu ya dawa. Ukiumwa, sema yote, hata lile unaloliona dogo. Na mtu mzima akikuomba ufiche ugonjwa wake, hata nikiwa mimi, mwambie anayeweza kumsaidia."

Kasuku aliitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa ameruhusiwa kusema yote, akamwambia kwamba suruali ya mwalimu mkuu iliyokuwa pale mezani ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Baba aliipima, akaguna, akaomba mkasi.